Maneno ya Mwanamke Mwingine

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuyapenda maswali hayo. Mtu akimuuliza kabila lake alijibu kwamba amefanya kazi mahali ambapo jibu la swali hilo ndilo lililoamua nani avuke kizuizi na nani ashushwe garini, na kwamba tangu hapo jibu lake ameliacha hukohuko. Kiiraqw na Kidatooga, lugha za wenyeji wa Haydom, alivizungumza kwa ulaini uleule, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wengi, jambo lililozidi kuwachanganya waliotaka kujua kwao ni wapi. Pale Haydom tulimwita Mkalimani, na jina hilo lilimtosha. Kwa miaka mingi alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mimi nilikijua kikohozi chake, naye kwa namna nilivyofunga geti alijua kama siku hiyo nimewakaripia wanafunzi.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ya vitani. Alifuatana na wachunguzi wa haki za binadamu katika nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akikaa kati yao na watu walioona nyumba zao zikichomwa. Wachunguzi walikuwa wageni, wanasheria wengi wao, wasiobeba silaha. Waliuliza, wakapima matundu ya risasi kwenye kuta, wakauliza tena. Maneno yote, ya kwenda na ya kurudi, yalipita mdomoni mwake. Alipoacha kazi hiyo alikuja Haydom, akapanga nyumba nyuma ya soko, na hospitali ikamgundua haraka. Madaktari na wauguzi wetu wengi hutoka mikoa mingine, nao wagonjwa hushuka kwenye mabasi na lugha za makwao, kwa hiyo mtu wa namna yake hakuweza kukaa bure.

Namna yake ya kukaa ilikuwa ya pekee. Hakumkabili msemaji uso kwa uso. Aliweka kiti ubavuni, akainamisha kichwa kidogo, ili anayesema aangalie mlango au dirisha akitaka. Hata mimi nilipokwenda kumlalamikia kuhusu kuku wake alikaa hivyo, na malalamiko yangu yakaishia kuwa maelezo marefu ya utoto wangu. Chai ilikuja kwanza. Neno "kwa nini" hakulitumia kabisa. Alisema kwamba mtu aliyeumizwa akiulizwa kwa nini, husikia kwamba kosa ni lake.

Alikuwa na kipimo chake cha ukweli, nacho nimekiazima darasani mara nyingi. Anayesema kweli, alisema, hukumbuka mambo yasiyo na faida. "Akikusimulia mauaji tu, Mwalimu, sikiliza. Lakini akianza kukutajia rangi ya ndoo iliyokuwa mlangoni, tulia kabisa, maana sasa yuko huko." Kwa sababu hiyo hakuvumilia michezo ya redio. Alikaa uani na redio yake ndogo, na mwigizaji alipopasuka kwa kilio alimjibu kwa sauti: "Huyu hajawahi kulia! Mwambieni anywe maji aanze upya!" Halafu kesho yake, saa ileile, alikuwa hapo tena, na ole wako upige hodi kabla mchezo haujaisha.

Hospitalini walimpenda na kumwogopa. Siku moja muuguzi kijana alimwambia, "Mama, mwambie huyu mzee asiogope, hatumchomi sindano." Mkalimani akamtazama mkono aliouficha nyuma ya mgongo. "Hiyo uliyoishika ni nini?" Muuguzi akacheka kwa haya. "Sasa hilo la kwanza sitalipeleka," Mkalimani akasema. "Sema utamchoma, sema itauma, hayo nayapeleka sasa hivi." Mzee yule wa mifugo alipoelezwa alinyoosha mkono, kisha akauliza kwa Kidatooga kama dada yule ameolewa. Hilo nalo lilipelekwa, neno kwa neno, wodi nzima ikisikia.

Mtu mwenye ulimi ulioaminiwa kiasi hicho ungemdhania kuwa mkimya. Hakuwa. Alikuwa msengenyaji hodari wa mambo madogo. Nani katika kwaya ya usharika huimba nusu sauti juu ya wenzake. Nani amepaka rangi nyumba mbele tu. Nani hununua vitunguu vya jana akidai ni vya leo. Na muuza vitunguu wake, mama aliyekuwa na meza kona ya soko, walibishana kila asubuhi kwa furaha ambayo ndoa nyingi hazina.

"Hivi umevilisha nini mpaka vikaota mikia?"

"Kama hutaki mikia nenda Endasak kwa miguu, ukachimbe mwenyewe!"

"Kwa miguu nitakwenda, maana kwa pikipiki nitafika maiti."

Hilo la pikipiki lilikuwa kweli tupu. Mwanamke aliyepita vizuizi vya askari walevi, ambaye wachunguzi walimtanguliza azungumze kwanza kwa kuwa sauti yake haikutetemeka, aliiogopa bodaboda kuliko chui. Alipolazimika kupanda alifumba macho na kusali kwa sauti tangu stendi hadi mwisho wa safari, na madereva walimgombea kwa sababu ya burudani hiyo. "Mama, leo zaburi ipi?" walimwuliza. Aliwajibu kwamba watajua siku watakapomwangusha. Lakini kijana yeyote aliyempita bila shikamoo aliitwa arudi, hata awe amebeba gunia kichwani, na gunia halikutuliwa mpaka salamu itimie.

Mimi na yeye tulipishana juu ya jambo moja kubwa. Nimelelewa, na nimewalea wengine, katika imani kwamba ukweli ni deni la kila mtu kwa kila mtu, na kwamba anayeufungia kabatini ni mshirika wa waovu. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Nilidhani mtu aliyefanya kazi na wachunguzi angekuwa wa kwanza kuniunga mkono. Yeye alisema kwamba ukweli wa mtu una mwenyewe, kama vile ng'ombe ana mwenyewe, na kwamba kuupeleka hadharani bila ruhusa ni kuuswaga usiku kama mwizi. Niliona ni hoja dhaifu. Nilimwambia pia kwamba ni dhaifu. Alinimiminia chai nyingine.

Kisha ikaja filamu.

Watu fulani walikuwa wametengeneza filamu ya makala kuhusu wale wachunguzi, kazi yao vitani na gharama yake. Tabibu mmoja wa hospitali, binti wa Kondoa aliyempenda sana Mkalimani, aliipata kwenye simu, akaona kwamba ni kazi ya Mama wetu, akaomba ukumbi wa usharika na projekta. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Walikuja watumishi, wakulima, wake za watu na kina mama wa soko, wote wakiwa wamevaa vizuri, kwa maana tulikwenda kumwona mtu wetu. Yeye aliketi safu ya mbele kati yangu na muuza vitunguu, akiwa na wasiwasi kidogo, akisema kwamba hatutaona chochote.

Na kweli, kwa muda mrefu hatukumwona. Tuliwaona wachunguzi wakipanda milima chini ya mvua, wakipiga picha paa lililoungua, wakimwuliza mzee mmoja swali lilelile kwa njia tofauti. Mara ukingoni mwa picha kikatokea kiwiko chenye kitenge cha kijani. "Kiwiko cha Mama kile!" mtu akapiga kelele, na ukumbi ukashangilia kama timu yetu imefunga bao. Mkalimani alicheka mpaka akajifuta macho.

Baada ya hapo akatokea mwanamke aliyeketi gizani, ameipa kamera mgongo. Akaanza kusema, na sauti ilikuwa ya Mkalimani.

Lazima nieleze jinsi jambo hilo lilivyotokea, maana sisi tulikuja kuelezwa baadaye. Watengenezaji waliogopa kwamba mwanamke yule angetambuliwa kwa sauti na waliomtenda. Basi waliifuta sauti yake, wakamwomba Mkalimani ayaseme maneno yaleyale kwa Kiswahili, kama alivyoyasema siku ile alipoyapeleka kwa wachunguzi. Walifikiria hatari zote za kule vitani, na walifikiria vizuri. Hawakukumbuka kwamba sauti waliyoiazima nayo ina nyumba, ina soko, ina majirani walioizoea wodini ikiwauliza wanaumwa wapi.

Sauti ilieleza jinsi wenye silaha walivyokuja jioni, watu wakitwanga. Jinsi alivyomtambua mmoja wao kwa viatu. Jinsi alivyolala kwenye mihogo mpaka umande. Ilieleza jinsi alivyorudi nyumbani na mume wake akampa maji kwa kikombe cha wageni. Taa zilipowashwa muuza vitunguu alikuwa amekwisha kumkumbatia Mkalimani.

"Mama yangu! Ulikaa na hili miaka yote, na sisi tunakucheka na pikipiki zetu!"

Mkalimani alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Lakini wanawake walikuwa wamemzunguka, wanalia, wanamshika kichwa na mabega, na aliufunga tena.

Tangu siku hiyo Haydom ilimtunza. Maziwa yaliletwa mlangoni asubuhi. Madereva wa bodaboda waliacha kumwuliza zaburi. Muuza vitunguu alimchagulia vikubwa, akavifunga bila ubishi wowote, naye Mkalimani, aliyeupenda ubishi kuliko vitunguu, alirudi nyumbani mnyonge. Mimi nilisubiri aliseme lililo kweli. Nilikuwa nimekwisha kulishuku, kwa kuwa nilimfahamu. Alipokuwa akiusikiliza ushuhuda ule ukumbini midomo yake ilikwenda pamoja nao, kama mtu anayehakiki kazi aliyoifanya.

Hakusema, na wanawake wakaanza kuja. Wa kwanza alitoka tambarare za Hanang, mke wa mfugaji, amejifunika shuka, ameshushwa na pikipiki mbali kidogo na nyumba. Alikaa ndani hadi jua likageuka. Kisha wakaja wengine: wake za watumishi wenzangu, mabinti wa madukani, bibi mmoja mwenye fimbo. Sikujua walisema nini na sijui mpaka leo. Nilijua tu kwamba walitoka wakitembea tofauti na walivyoingia.

Nikaenda kumwonya. Nililiona kuwa wajibu wangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja na uso wa mtihani. Kaa."

"Yale ya kwenye filamu yalikupata wewe?"

"Hapana."

"Basi unaacha uongo uote mizizi."

"Sijasema uongo. Nimenyamaza."

"Watu wanauamini ukimya wako kama kiapo."

Alikoroga chai yake. "Wewe unaupenda ukweli kwa sababu haujawahi kukufuata nyumbani," akasema. "Jana, hapo ulipokaa, alikaa mama ambaye jambo lake hajamwambia mtu tangu alipokuwa msichana. Ameniambia kwa sababu anadhani tuko wawili. Nikisimama niseme si mimi, nimemrudisha peke yake. Tena nimemwongezea aibu, kwamba alimfunulia siri yake mtu asiye na kidonda."

Nilimtajia amri ya Mungu juu ya ushuhuda wa uongo.

"Amri naijua. Niambie kitu nisichokijua."

Nje kuku wake walikuwa wakiparua bustani yangu, na kwa mara ya kwanza sikuwaambia kitu. Hatimaye alisema, kwa sauti ya chini, akiutazama mlango:

"Kinachonisumbua si amri yako, Mwalimu. Ni yule mwenyewe. Alinyang'anywa kila kitu, yakabaki maneno hayo tu, na aliyatoa kwa shida huku amenishika mkono. Sasa Haydom nzima inanipa mimi pole yake."

Umoja wa wanawake wa usharika ulikuwa na Jumapili yao, na walikuwa wamemwomba atoe ushuhuda mbele ya watu wote: jinsi Mungu alivyomtoa katika mateso yale. Nilidhani angekataa. Alikubali. Siku hiyo kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani, na wengine walitoka vijiji vya mbali kwa kuwa habari zilikuwa zimekwenda. Mkalimani alisimama mbele akiwa ameshika mikono yake miwili, akasema maneno machache.

"Yale mliyoyasikia kwenye filamu yalimpata mwanamke mwingine. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Sauti ni yangu, mateso ni yake. Nilipaswa kuwaambia siku ileile, sikuwaambia, na kwa hilo naomba radhi."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye ngano. Muuza vitunguu alisimama kutoka katikati ya wenzake, amekunja uso.

"Yaani tulilia bure?"

"Hamkulia bure. Mtu mliyemlilia yupo."

"Basi ni nani? Tutajie, tumwombee kwa jina."

"Jina lake Mungu analo."

"Na sisi?"

"Ninyi hapana."

"Hata nchi yake? Kijiji chake?"

"Hata mto wanakochota maji."

Hapo minong'ono ikawa sauti. Mtu akasema tumedanganywa mara moja na sasa tunafichwa mara ya pili. Mzee mmoja wa kanisa, mpole, aliinuka kumsaidia. "Mama," akasema, "hapa ni nyumbani mwa Bwana. Hapa hakuna askari. Sema tu."

"Mzee wangu," Mkalimani akamjibu, "nimeambiwa hivyo katika nyumba nyingi za Bwana."

Akaenda kuketi. Kiongozi wa kwaya akaanzisha wimbo kabla ya wakati wake, juu mno, na hakuna aliyecheka.

Ninawafundisha vijana kwamba ukweli hulipa, na nilitarajia ulipe wiki ileile. Maziwa yalikoma. Pale stendi wahuni walimpachika jina la Mama Sinema. Muuza vitunguu alimrudishia ubishi, lakini ubishi mkavu, wa bei tu, usio na mikia wala Endasak. Niliyemwona akiumia zaidi ni yule binti tabibu, aliyejilaumu kwa kuileta filamu; Mkalimani alimwendea mwenyewe, wakanywa chai, wakaishia kucheka kwa habari ya daktari fulani na viatu vyake. Lakini nyumbani kwake hakuja mtu. Nilikaa uani jioni nikisahihisha madaftari, na upande wa pili wa ukuta nilisikia redio ikilia kilio chake cha uongo bila kukaripiwa. Kama angenilaumu ingekuwa nafuu. Alinisalimu kama zamani na kuniuliza kama kuku wameniachia mchicha.

Muda si mrefu nilipata uhamisho kwenda kufundisha Masakta. Huko nililima mahindi kidogo, nikasahihisha madaftari mengine, na mara nyingi nilijikuta nikiendeleza naye ule mjadala wetu wa zamani kichwani, nikishindwa zaidi kila ninapouanza. Tulisalimiana kwa simu. Hakuwa mtu wa simu. Alisema kwenye simu haoni mahali pa kuweka kiti ubavuni.

Mwaka huu nilimleta mama mkwe wangu hospitalini Haydom, na alipopata kitanda nilikwenda nyuma ya soko kumsalimu jirani yangu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nilipiga hodi, akatokea kizingitini, amekonda, mvi zimemjaa, macho ni yaleyale. Alifurahi; nililiona hilo usoni. Lakini aliinua kiganja kunizuia, akanionyesha jiwe la nje, akarudi ndani bila hata kunipa mkono.

Niliketi juu ya jiwe nikijikunja kwa baridi. Ndani sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema taratibu, ikikatika, ikiendelea; sikuyapata maneno, na niliondoka pale nikasogea hadi kwenye ukuta wangu wa zamani ili nisije nikayapata. Baadaye alitoka mama wa makamo mwenye kikapu. Aliniamkia bila kuinua uso, nikaitikia nikitazama pengine, akashika njia ya stendi.

"Ingia sasa, Mwalimu. Na usisimame mlangoni kama mkaguzi."

Tulipokwisha kuulizana habari za wagonjwa na za shamba, nilimwambia nimefurahi kuona wameanza kurudi.

"Wachache. Huyu ndiyo mara yake ya kwanza."

"Labda ile Jumapili hakuwepo."

"Alikuwepo. Alisimama dirishani."

"Kwa hiyo anajua kwamba si wewe."

"Anajua vizuri." Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha vitunguu. "Alipoingia alikataa kiti. Akasema ana swali moja: yule mwanamke wa kwenye filamu, umekwisha kumtajia mtu yeyote jina lake hapa Haydom? Nikamwambia hapana. Akaniuliza, hata yule mwalimu jirani yako, aliyetaka kujua kila kitu? Nikamwambia huyo hasa sijamtajia. Ndipo akaweka kikapu chini, akakaa."